Robo Lita

Igogo tumejenga juu ya mawe, na mawe hayakutualika.
Watoto huyateleza wamekalia vipande vya dumu,
mama zao usiku wanatia viraka.
Jumatano ile Ng'walu aliteleza kwa mdomo.

Nilikuwa nampimia Mzee Lugata robo lita yake
(na povu ndani yake, anajua, hanisemi)
nikasikia kimya.
Mtoto akilia, maliza kupima.
Mtoto akinyamaza, acha kata ichuruzike.

Damu kidevuni, damu kwenye sare,
na katikati ya meno ya juu, dirisha.
Miaka tisa. Jino la ukubwani,
lile ambalo ukilipoteza hupewi jingine.

"Lirusheni batini, litaota!" mtu akapaza sauti.
Kijana wa genge keshafika na chumvi,
bibi mmoja anafungua ugoro.

Mimi nina pengo. Mnaonunua kwangu mnalijua,
ndilo linalonifanya nicheke nimefunika mdomo.
Nansio, mwaka niliomaliza la saba, mchi uliponiponyoka.
Nilipelekwa siku ya tatu, shavu limeumuka kama andazi,
na tabibu akaniuliza swali moja:
Jino lenyewe liko wapi?
Lilikuwa juu ya nyasi za paa la shangazi.
Ungelileta palepale, akasema, akafuta mikono.

Palepale.
Neno hilo nimelitafuna kwa upande mmoja wa mdomo
miaka ishirini na sita.

Basi nikapiga magoti, nikapapasa,
nikalikuta kando ya kizibo cha soda.
Nikalishika kichwani, pale panapong'ata.
Mzizini hapana: mzizi umevaa uhai mwembamba
kama utando wa yai, ukiusugua umeuua.
Msilifute! Msilipulize! Ondoa hiyo chumvi!
Wapo wanaoniita mchawi hadi leo.

Nikalitia kwenye kikombe changu cha bluu,
maziwa ya asubuhi, mabichi, si mtindi.
Yalikuwa ya Mzee Lugata. Alitazama, akasema, "Haya."
Kitambaa safi kinywani: ng'ata, mama, usiongee.

Mama yake yuko Kirumba na dagaa zake.
Hatukumsubiri, tulimpigia tukiwa njiani.
Ndalahwa wa bodaboda akaanza na nauli;
nikamwonyesha kilichomo kikombeni. Akawasha.
Mlima wa Bugando una kona zake.
Mkono mmoja mtoto, mkono mmoja kikombe,
kiganja kifuniko,
ziwa lote linayumba huko chini
na langu halikumwagika tone.

Foleni. Benchi limejaa, na kila aliyekaa ana haki yake.
Nikaenda dirishani. Sikusema mtoto ameumia,
pale wote wameumia.
Nikasema: Jino limetoka zima, ninalo hapa,
lina dakika ishirini na tano.
Yule dada akaweka kalamu chini.

Daktari alikuwa kijana, viatu vyake vina vumbi kama vyangu.
Akalisuuza bila kulisugua, akalirudisha
kwa kidole gumba, taratibu,
kama mtu anayefunga mlango mwenzake akiwa amelala.
Waya mwembamba. Uji wiki mbili. Rudini Ijumaa.
Litashika? nikauliza.
Huenda, akasema.
Hakuapa. Nilimpenda kwa kutoapa.

Kikombe kilibaki hukohuko.
Nauli mama yake ameilipa kwa sado mbili za dagaa,
moja nimempa Ndalahwa,
na Mzee Lugata bado namdai pesa ya maziwa ambayo hakuyanywa,
au yeye ananidai mimi, hatujaelewana.

Jana Ng'walu amepita. Sare imefuliwa, ramani ya damu bado ipo.
Midomo ameibana kama kibindo cha bibi.
Akaweka sarafu mezani.
"Robo," akasema kupitia waya,
"yasiyo na jino."

Nikacheka, kata mkononi, pengo nje.